Shetani wa "Paranoid" yuko upande wa nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Kijana wangu wa kidato cha nne hushinda akisikiliza "Paranoid", albamu ya pili ya bendi ya Kiingereza iitwayo Black Sabbath, iliyotoka mwaka 1970. Nilikaa naye nikaisikiliza, na kwa Kiingereza changu nilichonacho nikasikia wachawi, Shetani, dawa za kulevya na mwisho wa dunia. Yeye anashikilia kwamba ni albamu ya kupinga vita. Je, ananizuga, au mimi ndiye sikuelewa? Mzazi, Morogoro.

JIBU: Ndugu mzazi, kijana hakuzugi, na wewe hukusikia vibaya. Shetani yumo kweli katika albamu hiyo, na ili umwelewe inafaa utazame amewekwa hapo amcheke nani.

Tuanze na wimbo wa kwanza, "War Pigs" (yaani Nguruwe wa Vita), ambao una urefu wa karibu dakika nane. Gitaa zito linaingia taratibu huku king'ora cha kutahadharisha mashambulizi ya ndege kikilia juu yake. Kisha karibu kila chombo kinanyamaza, yanabaki matoazi ya Bill Ward yakihesabu mapigo, na Ozzy Osbourne anaimba katika upweke huo, huku gitaa likijibu kwa mapigo mawili mazito kila anapovuta pumzi. Wachawi uliowasikia wamo mwanzoni kabisa, ila wamo kwa kufananishwa: majenerali wanakusanyika kupanga mauaji kama wachawi wanavyokusanyika kwenye ibada yao. Baada ya hapo wanakuja wanasiasa, ambao wimbo unawashutumu kwa kuwasha vita na kujificha, kazi ya kupigana wakiwaachia maskini. Ubeti wa mwisho ni Siku ya Hukumu, ambapo wakubwa hao wanatambaa kwa magoti wakiomba rehema na Shetani anacheka. Maneno ya namna hiyo yangeweza kutolewa mimbarini na waumini wasishtuke.

Mashairi mengi ya albamu ni ya mpiga besi, Geezer Butler, aliyelelewa katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland huko Aston, mtaa wa wafanyakazi mjini Birmingham, na malezi hayo yanajidhihirisha katika hukumu na adhabu zilizojaa humo. Uingereza haikupeleka jeshi lake kupigana Vietnam, lakini Butler ameeleza kwamba vijana wa rika lake waliogopa kuingizwa katika vita hivyo. Toleo la awali la wimbo huo liliitwa "Walpurgis" na lilikuwa na taswira nyingi zaidi za ibada za giza; lililorekodiwa ndilo lililoelekeza kidole waziwazi kwa watawala. Kwa ufundi wa ushairi, nakiri, si kazi safi: mistari miwili ya kwanza inarudia neno lilelile mahali pa kina, kosa ambalo mshairi wa Lamu asingelisamehe.

Kuhusu dawa za kulevya, nakuomba usikilize tena "Hand of Doom", ambao kwa maoni yangu ndio wimbo bora wa albamu nzima. Bendi hiyo, kabla haijapata umaarufu, ilipiga muziki katika kambi za jeshi la Marekani barani Ulaya, na huko ikasikia habari za askari waliotoka Vietnam wakiwa wametekwa na heroini. Wimbo unafunguka kwa besi peke yake, chinichini, kama mtu anayenyemelea, ngoma zinajiunga, kisha gitaa linalipuka bila kutoa taarifa, likatulia, likalipuka tena. Mtumiaji anazungumziwa ana kwa ana, anaelezwa jinsi mwili wake unavyoharibika, na hapewi faraja yoyote. Sijui onyo kali kuliko hilo katika muziki wa roki wa wakati ule.

"Electric Funeral" unahusu maangamizi ya bomu la nyuklia. "Iron Man" ni hadithi ya mtu aliyeyaona maafa yajayo, akageuka chuma, akapuuzwa na watu aliotaka kuwaonya, na mwishowe akawaletea maafa hayo kwa mkono wake. Nao wimbo uliobeba jina la albamu, uliotungwa haraka kujazia nafasi kisha ukafika nafasi ya 4 katika chati za Uingereza, unamhusu mtu aliyelemewa na akili yake mwenyewe. Siwezi kudai kwamba kila kilichomo ni siasa, kwa kuwa "Planet Caravan" ni safari ya utulivu angani na "Rat Salad" hauna neno hata moja.

Albamu ya kwanza, iliyotoka Februari mwaka huohuo, ilikuwa imeanza na kiumbe cheusi kinachomtokea mtu na kumtisha. Miezi saba baadaye, kinachotisha ni binadamu wenye madaraka, na ndiyo maana mimi naiweka ya pili juu. Vijana hawa walikuwa watoto wa viwandani: Osbourne aliwahi kufanya kazi machinjioni, na mpiga gitaa Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine katika kiwanda cha mabati akiwa na miaka 17, akajitengenezea vikofia vya plastiki ili aendelee kupiga.

SWALI: Mbona jalada la albamu hiyohiyo lina mtu mwenye upanga na ngao, asiyehusiana kabisa na jina lake? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Kwa sababu albamu ilikusudiwa kuitwa "War Pigs", na huyo ndiye mpiganaji mwenyewe. Kampuni ya kurekodi ilibadilisha jina picha ikiwa imekwisha kupigwa, na haikupiga nyingine.