Jibu: Kubadilisha taa ya kuning'inia sebuleni

Dada, umeuliza kama kuzima swichi ya ukutani kunatosha kabla ya kushusha hiyo taa ya zamani hapo kwako Lanet. Hapana, hakutoshi kabisa. Nyumba nyingi zina waya wenye moto, yaani wenye umeme, unaopita palepale darini hata swichi ikiwa imezimwa, na stima yetu ni volti 240. Zima meini swichi, mwambie kila mtu nyumbani asiiguse, kisha pima kwa testa. Testa yenyewe ijaribu kwanza kwenye soketi yenye moto, kwa sababu iliyoharibika itakudanganya kwamba pako salama.

Ukifungua kifuniko, piga picha kwa simu kabla ya kulegeza skrubu hata moja. Utakuta pengine nyaya nyekundu mbili tatu zimebanwa pamoja na hazielekei kwenye taa, ziache zilivyo. Mweusi mmoja nao huenda unatoka kwenye swichi, kwa hiyo ni moto, si nyutro (waya wa kurudisha umeme). Ukiunganisha weusi wote pamoja, siku utakayowasha kutakuwa na shoti. Nyumba mpya hutumia kahawia kwa moto na buluu kwa nyutro.

Taa ya chuma lazima iunganishwe na waya wa ethi, ule wa kijani na manjano. Na kama dari ni ya jipsamu, usifunge taa nzito kwenye ubao huo. Tafuta mbao au slabu iliyo juu yake.

Nyaya zikikuchanganya, tafadhali ita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli hapa Kenya.