Mtoto Wangu Si Mradi wa Maombi

Juzi dada mmoja msomaji kaniandikia inboksi, mwanae ana usonji, anauliza kama ni dhambi akiacha kwenda kanisani maana kila Jumapili anarudi amechoka kuliko alivyoenda. Nikasoma nikakasirika, si kwake yeye, kwetu sisi wapendwa.

Wa kwangu wa pili ana mtindio wa ubongo. Yaani ubongo uliumia ukiwa bado unakua, iwe tumboni, wakati wa kuzaliwa au utotoni, basi, hakuna laana ya babu hapo. Nimeeleza mpaka nimechoka. Lakini akija tu mhubiri mgeni, macho yote kwetu, tunaitwa mbele, mafuta yanamwagwa, mtu anamshika kichwa anamtikisa huku anapiga kelele kwenye maiki, na mwanangu akishtushwa na sauti ya ghafla mwili mzima unakakamaa, mikono inaruka, basi wenyewe ndo wanazidi, "toka! toka!" Jamani, ni spika. Punguzeni spika muone hilo pepo linavyotoka.

Tukirudi kukaa hakuna hata mmoja anayeuliza mazoezi yake ya viungo yanaendaje au usiku nililala saa ngapi. Na kuna mzee wa kanisa aliwahi kuniomba, kwa upole kabisa, niwe nakaa nje karibu na mlango "ili watu wasikie Neno". Sitadanganya, bado inaniuma. Mimi si watu?

Tukahama. Huko tulikokwenda mama mmoja, wala hana cheo chochote, alikuja baada ya ibada hakusema "nikuombee", akasema "nifundishe kumlisha". Nikamwonyesha: akae wima, kidevu kiinamie mbele kidogo, kijiko kidogo, subiri ameze kabisa ndo uongeze, usimharakishe atapaliwa. Akajifunza. Siku hizi mahubiri yakianza anamchukua, na mimi nasikiliza mpaka mwisho kama waumini wengine, we acha tu.

Sasa niwaambie kitu. Someni 2 Samweli 4:4, kisha sura ya 9. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani rafiki ya Daudi, aliangushwa na yaya wake akiwa na miaka 5 akalemaa miguu yote miwili. Daudi alimponya? Hapana. Alimpa nafasi mezani pake, akamrudishia mashamba ya babu yake Sauli, akamwagiza Siba, mtumishi wa Sauli, na wanawe 15 na watumishi 20 wamlimie. Sura inaisha na miguu ni ile ile, ila anakula mezani kwa mfalme kila siku. Sisi tunataka muujiza kwanza ndo tutoe kiti! Maombi siyakatai, naombea mwanangu kila usiku, ila baada ya amina nani anabaki kumshika mtoto?

Kwa hiyo makanisa, wekeni mtu. Si kamati, mtu, mwenye zamu inayojulikana. Walimu wa Sunday school wafundishwe na mama mwenyewe, yeye ndo anamjua mwanae. Kabla ya kununua spika nyingine angalieni zile ngazi za mlangoni na kama kiti cha magurudumu kinapita choo chenu. Na umoja wa wanaume mko wapi, baba wa watoto hawa wanaumia kimya kimya, wengine wanakimbia nyumba kabisa na hakuna aliyewafuata hata kwa simu. Kaka na dada zao pia wanasahaulika. Ila narudia, wekeni mtu.

Na wewe dada yangu, usiache. Ila usimwambie mchungaji "tunahitaji msaada", atakuombea pale pale na habari itaishia hapo. Mwambie unataka mtu mmoja, umjue kwa jina, wa kukaa na mwanao sehemu isiyo na makelele wakati wa mahubiri, kuanzia Jumapili ijayo. Akisema watalipeleka kwenye kikao, muulize kikao ni lini.