Shangazi Nijibu: Barua zenu kuhusu Dawn Wiener

Toleo lililopita niliigusia kwa mistari miwili tu ile muvi ya Kimarekani ya Welcome to the Dollhouse ya mwaka 1995, na sikutegemea barua zingekuja hivi, kumbe wengi mmeiona na wengi imewakaa rohoni. Kwa ambao bado: ni stori ya Dawn Wiener, binti wa miaka 11, yuko darasa la saba kwenye shule moja huko New Jersey, ana miwani mikubwa na mavazi ambayo mwenzake yeyote asingethubutu kuvaa, shuleni wanamwita Wienerdog, yaani jina la ukoo wao limegeuzwa likawa la kale kambwa karefu ka miguu mifupi, na akirudi nyumbani nako hapumui. Kaiandika na kuiongoza Todd Solondz, na yeye ni mzaliwa wa New Jersey hukohuko. Dawn kaigizwa na Heather Matarazzo, ambae alikuwa bado mtoto kabisa. Haya, barua.

Shangazi shikamoo. Binti yangu ana miaka 12, shuleni wanamsumbua sana, wanaucheka mwili wake mpaka asubuhi hataki kuamka. Mtu kaniambia hiyo muvi ni komedi na inahusu mtoto kama yeye, itamchangamsha. Nimuwekee tuangalie wote? – Mama mwenye wasiwasi

Marahaba mama, na pole, hizo asubuhi nazielewa. Jibu langu ni hapana, usimuwekee. Kule Marekani ilipewa daraja la R, maana yake wa chini ya miaka 17 haingii ukumbini bila mzazi au mtu mzima wa kwenda nae, na wala siyo kwasababu ya matusi peke yake. Mle ndani kuna kijana anaitwa Brandon anamtishia Dawn kumbaka, tena anamtajia na saa, na kuna msichana anamfuata chooni na kumdhalilisha huko. Ni muvi ya kuhusu mtoto ila siyo ya mtoto, hasa mtoto ambae bado yumo ndani ya shida hiyohiyo.

Wewe ndo uiangalie, peke yako, wakati umetulia. Kuna sehemu Dawn wanamrushia vidonge vya karatasi vilivyolowa mate, anavumilia anavumilia mpaka siku anaamua kurudisha kimoja na kinampata mwalimu jichoni, wazazi wanaitwa shuleni, anajieleza kwamba wenzake ndo walianza na hilo halimsaidii chochote, kosa linabaki lake na mama yake anakasirika nae yeye. Pale niliisimamisha muvi kwanza maana nilikumbuka mara ngapi mimi mwenyewe nimemwambia mtoto "na wewe ulifanya nini mpaka wakakuchokoza".

Alafu mama, usimuulize shule ilikuwaje leo, atakujibu "poa" na apo mlango umefungwa. Muulize alikaa na nani wakati wa kula. Dawn tunakutana nae mwanzoni tu akiwa amesimama kantini na trei yake mkononi anatafuta pa kukaa, na ukiangalia macho yake yanavyozunguka kila meza utajua kila kitu kabla hajasema neno. Mtoto anaweza kukudanganya kuhusu mambo mengi, lakini kuhusu kiti chake wakati wa kula huwa anachelewa kidogo kujibu, na wewe sikiliza huko kuchelewa.

Shangazi mi ni kaka wa miaka 23. Niliiangalia na washkaji tukacheka sana, alafu usiku nikawa najisikia vibaya kama nimemuonea mtu. Hivi ile ni komedi kweli au sisi ndo tuna roho mbaya?

Ni komedi kweli mwanangu, komedi nyeusi, yaani ya kuchekesha kwa mambo machungu, na huko kujisikia vibaya usiku ni sehemu yake, aliyeitengeneza alitaka ufike apo.

Angalia inavyokuchekesha. Kaka yake Dawn, Mark, anapiga klarineti na kaanzisha bendi ya gereji, siyo kwamba ana mapenzi ya muziki, anataka tu ionekane vizuri kwenye fomu zake za kuombea chuo. Anamleta Steve awe muimbaji, kijana mtanashati wa sekondari ya juu, na malipo yake ni kwamba Mark atamsaidia masomo ya kompyuta. Dawn akimwona Steve anayeyuka, anaanza kupanga maisha nae kichwani wakati Steve hata hajui yupo. Hayo yanachekesha, na ni haki yako kucheka, mapenzi ya umri ule ndo yalivyo, makubwa kuliko mwili unaoyabeba.

Ila Solondz ana jambo lake. Hakupi muziki wa huzuni wa kukuambia sasa lia, na kamera yake haikimbii, unacheka alafu inabaki palepale kwenye uso wa Dawn, inabaki, inabaki, na kicheko chako kinakuwa hakina pa kwenda. Mimi naona ndo maana ulijisikia vile. Umecheka na wale wa kwenye meza za kantini, ukakaa nao kabisa, alafu muvi ikakugeuza shingo umtazame uliyekuwa unamcheka.

Chukua ile ya keki. Wazazi wanataka kufanya sherehe ya miaka 20 ya ndoa yao na wanataka kile kibanda cha Dawn nje kivunjwe, kibanda ambacho ndo makao ya klabu yake, kitu pekee duniani ambacho ni chake. Anakataa. Mama yake hapigi kelele wala nini, anachukua kipande cha keki cha Dawn anawagawia Mark na Missy, yule mdogo wa mwisho anayevaa kisketi cha baleti cha pinki na kupendwa na nyumba nzima, na wanakula mbele yake. Ni keki tu. Mtu akikusimulia utasema sasa hiyo nayo ni stori? Lakini kila aliyewahi kuwa mtoto asiyependwa sana nyumbani anaijua hiyo keki, na mimi kwa maoni yangu ndo sehemu katili kuliko zote za shuleni, kwasababu shuleni angalau kuna kengele ya kutoka.

Na hongera kubwa ni za yule binti Matarazzo. Hakuigiza kuombea huruma hata dakika moja, Dawn wake ana kisirani, ana wivu, ana kiburi kidogo, anakunja uso kama mtu mzima mwenye madeni. Muvi yenyewe ilitengenezwa kwa hela ndogo, haikufika hata dola milioni moja, na mwaka 1996 ikabeba tuzo kuu ya majaji pale Sundance, tamasha la muvi huru kule Marekani, na Matarazzo nae baadae akapata Independent Spirit, tuzo ya muvi huru, kwa uigizaji wa mara ya kwanza. Zilistahili.

Shangazi mi nilianza kumwonea huruma Dawn lakini alivyomtukana yule Ralphy, rafiki yake pekee, nikamchoka. Yani anaonewa na yeye anaonea? Mbona hatengenezwi awe mtoto mzuri tumpende? – Msomaji wako wa siku nyingi

Msomaji wangu, swali lako nimekaa nalo siku tatu.

Fuatilia njia ya matusi mle ndani. Yule msichana wa chooni, Lolita, anamtupia Dawn neno la kumdhihaki kwamba anapenda wasichana. Dawn analibeba nyumbani kama mzigo na kumtupia Missy, mtoto mdogo asiyejua hata maana yake. Ralphy shuleni wanamwita shoga, shoga, na Dawn ndo mtu pekee aliyekuwa upande wake, ila siku Dawn mwenyewe kabanwa na ana hasira, anaokota neno lilelile la wale wabaya na kumpiga nalo Ralphy usoni. Matusi mle yanateremka kama maji, yanatafuta aliye chini zaidi, na Dawn akiwa amesimama nayo anageuka nyuma kuangalia kama kuna wa chini yake. Brandon naye, yule wa vitisho, tukifika kwao tunakuta ana kaka mwenye ulemavu wa akili na nyumba isiyo na raha, na tunaona na yeye anapokelea kutoka juu.

Simtetei Dawn. Alichomfanyia Ralphy ni kibaya na Ralphy hakustahili. Lakini angetengenezwa malaika mdogo anayevumilia na kutabasamu, tungempenda kwa saa moja na nusu alafu tukarudi shuleni kwetu tukamkuta mtoto halisi anayeonewa, mchafu kidogo, mkali kidogo, anayejibu ovyo, tukasema huyu hastahili huruma kwasababu siyo kama yule wa kwenye muvi. Nadhani Solondz alilijua hilo. Watoto wanaoonewa wengi hawapendeki kirahisi, kuonewa kwenyewe kunawafanya hivyo, na huruma yetu ikiwa inangoja wawe wazuri kwanza basi haitawafikia kamwe.

Na Dawn mwenyewe anaogopa alivyogeuka. Kuna usiku Missy kalala na Dawn kasimama juu yake na nyundo mkononi. Hampigi. Anamwambia tu kwamba ana bahati sana. Alafu baadae kuna siku mama anampa ujumbe amwambie Missy kwamba hataweza kumfuata baada ya baleti, Dawn kwa hasira hausemi, na Missy anatekwa. Anapatikana mzima, lakini zile siku katikati, Dawn anabeba kitu ambacho mtoto wa miaka 11 hapaswi kubeba peke yake, na anaenda mpaka New York kumtafuta. Apo kama hukumsamehe, sijui, mimi nilimsamehe.

Shangazi, kuna pati tuu, yaani ya pili? Dawn aliishia wapi?

Kuendelea moja kwa moja hakuna. Ila Solondz kamrudisha mara mbili kwa namna zinazopingana: Palindromes ya 2004 inaanza na msiba wa Dawn, na Wiener-Dog ya 2016 Dawn yupo hai, mtu mzima, kaigizwa na Greta Gerwig, na anakutana tena na Brandon. Chagua unayoitaka. Mimi nimechagua ya 2016.

Shangazi shikamoo, nina miaka 14. Usiniambie sikutakiwa kuiangalia, nshaiangalia. Na mimi wananiita jina, nimechoka. Nilingoja mwisho Dawn ashinde na hakushinda, anapanda jukwaani kuwashukuru watu na bado wanampigia kelele za lile jina, alafu yuko kwenye basi anaimba na kwaya na muvi inaisha. Sasa ina maana haiishi?

Marahaba mwanangu. Sikugombezi. Barua yako nimeisoma kabla ya nyingine zote na nimeiweka ya mwisho ili nisiijibu kwa haraka.

Unakumbuka Dawn alivyomuuliza Mark kama darasa la nane ni afadhali, Mark akamwambia hapana, na la tisa je, akamwambia miaka yote ile ya kati ni mibaya, ila sekondari ya juu inakuwa nafuu, bado watakuita majina lakini siyo sana usoni kwako? Wengi wanacheka apo. Mimi naona ndo maneno ya ukweli kuliko yote aliyoambiwa na mtu wa nyumbani kwake, na yalitoka kwa kaka anayeonekana hajali kitu. Hakumdanganya. Na mimi sikudanganyi, siwezi kukuambia kesho asubuhi wataacha.

Ila angalia kitu kimoja. Ile muvi ni kipande kidogo tu cha mwaka mmoja, na inakata Dawn akiwa bado kwenye basi kwenda Disney World na wanafunzi wenzake, yaani inakata akiwa njiani. Ana miaka 11. Wewe una 14, tayari umeshaishi miaka mitatu ambayo muvi haikumwonyesha Dawn, na umejua kuandika barua kwa mtu mzima usiyemjua ukamwambia umechoka. Dawn hakuwahi kupata mtu wa kumwambia neno hilo. Akienda kwa mwalimu anaadhibiwa, akienda kwa mama anakosa keki, na huko New York anapopiga simu, anaambiwa Missy keshapatikana, na macho ya nyumba nzima yako kwa Missy na siyo kwake.

Kwahiyo nataka uanze leo. Chukua daftari uandike kila wanachokufanyia: tarehe, saa, wapi, nani alikuwepo. Usilipambe, andika kama lilivyo. Alafu chagua mtu mzima mmoja, mwalimu, mzazi, shangazi yako halisi, umpe asome yeye mwenyewe, kwasababu ukisema kwa mdomo utaanza kulia au utalipunguza, daftari halilii. Akikupuuza, nenda kwa wa pili. Akikupuuza wa pili nenda kwa wa tatu, najua inachosha na najua siyo haki wewe ndo utembee, ila usiishie kwa wa kwanza. Na kama kuna usiku unafikiria kujidhuru, usingoje daftari, mwamshe mtu usiku huohuo, mtu yeyote asikuambie unasumbua.

Na kama darasani kwenu kuna Ralphy, kaa nae.

Niandikie tena ukishampa mtu wa kwanza hilo daftari, uniambie alisemaje. Barua yako nitaifungua kabla ya zote.