Maswali ya Wasomaji: Panya Wanaoguguna Nyaya za Gari na za Nyumba

SWALI: Assalaamu alaykum, mhariri. Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba, na gari langu hulala chini ya mwembe ulio ubavuni mwa ghala ninamohifadhi mbata. Kwa mara ya pili mwaka huu taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, na fundi alipofungua boneti alikuta nyaya zimegugunwa na makumbi yamerundikwa juu ya injini. Ananiambia kuwa nyaya za siku hizi hutengenezwa kwa soya, ndiyo maana panya wanazipenda. Jirani yangu ananishauri nitege sumu. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yetu. Makumbi uliyoyakuta ndiyo yanayostahili kukushughulisha kwanza, kwa sababu yanaonyesha kwamba panya huyo hakuwa mpita njia, bali amekwisha kujenga. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua katika maisha yake yote, naye hana budi kuyapunguza kwa kuguguna ubao, bomba la plastiki au waya, chochote kinachomkabili. Injini iliyozimwa jioni humpa joto na maficho, na mbata iliyo hatua chache kutoka hapo humpa chakula. Ukibadilisha nyaya huku mambo hayo yote yamebaki kama yalivyo, utakuwa umemwekea nyaya mpya.

Habari ya soya si ya kubuni moja kwa moja, kwani wapo watengenezaji wa magari wanaotumia malighafi ya mimea katika ganda la nyaya, na huko Marekani wenye magari wamefikisha madai hayo mahakamani. Hata hivyo, panya walikuwa wakiguguna nyaya tangu zamani, zikiwamo zile zilizovikwa madini ya risasi ambayo hayana lishe yoyote. Kwa hiyo usihangaike kutafuta nyaya zisizo na soya. Kinachosaidia zaidi ni utepe wa kuzungushia nyaya uliotiwa ukali wa pilipili, ambao kampuni ya Honda, kwa mfano, huuuza kwa ajili hiyo hasa. Pilipili ya kunyunyiza haidumu, kwa kuwa maji ya mvua na joto la injini huiondoa.

Lihamishe gari mbali na ghala, uliweke mahali peupe pasipo majani wala magunia, na mbata uihifadhi katika mapipa ya bati yenye vifuniko. Kila asubuhi fungua boneti kabla ya kuwasha, uondoe takataka zote zilizoletwa usiku, kwa sababu makumbi makavu yaliyokaa karibu na bomba la moshi hushika moto kwa wepesi. Kagua pia mipira ya mafuta. Panya huguguna mpira wa petroli kama anavyoguguna waya, na hapo hatari haiishii kwenye gharama za fundi: ukisikia harufu ya petroli, usiwashe gari hata kwa kulijaribu.

Kuhusu sumu, naomba usianze nayo. Zile zinazozuia damu kuganda huua baada ya siku kadhaa, na katika siku hizo panya anatembea akiwa dhaifu, akishikwa na paka au bundi, nao hudhurika kwa kumla. Hivyo unaweza kumwua mlinzi wako mwenyewe, achilia mbali kuku wanaodonoa chambo uani. Mitego ya kubana hufaa zaidi ikiwekwa kando ya ukuta, kwani panya hupenda kupita akigusa ukuta. Kwa kuwa panya hukiogopa kitu kigeni, kwa siku chache weka mitego yenye chambo cha nazi iliyochomwa bila ya kuitega, na utakapoona chambo kinaliwa ndipo uitege.

SWALI: Tunaishi katika nyumba ya urithi hapa Malindi, Unguja. Taa za ukumbini hupepesa na wakati mwingine tunasikia harufu ya kuungua. Fundi alipanda juu ya dari, akakuta waya umeliwa, akaufunga kwa utepe mweusi. Anasema sakiti breka itakata umeme ikitokea hitilafu. Je, inatosha?

JIBU: Haitoshi, bibi, na ningependa mzime sakiti hiyo leo hii. Sakiti breka ya kawaida hukata pale umeme unapozidi kiwango chake, lakini cheche zinazoruka baina ya nyaya mbili zilizochubuka zinaweza kuwaka kwa umeme usiofikia kiwango hicho, juu ya boriti kavu na vumbi la miaka mingi. Kifaa cha kukata umeme unaovuja, chenye kiwango cha miliampea 30, ni kinga nzuri kwa mtu anayeshikwa na umeme, nami nawahimiza mkifunge. Ila nacho hakizioni cheche zinazobaki baina ya nyaya mbili bila ya kuvuja kwenda ardhini.

Mwiteni fundi mwenye leseni apime uzima wa maganda ya nyaya kwa volti 500, na sakiti itakayosoma chini ya megaohimu 1 (kipimo cha uwezo wa ganda kuzuia umeme usivuje) isirudishwe kazini. Kipande kilichogugunwa kikatwe na kubadilishwa, viungo viwe ndani ya boksi, na nyaya zipitishwe katika mabomba, ya chuma ikiwezekana. Waya unaotoka barabarani hadi kwenye mita msiuguse. Hiyo ni kazi ya Shirika la Umeme Zanzibar.

Kabla ya nyaya mpya kupita, zibeni matundu. Panya mdogo wa nyumbani hupenya mwanya wa milimita 6. Jazeni wavu wa chuma kisha mpige chokaa juu yake, wala msitumie saruji katika kuta hizo za mawe, kwani huzuia unyevu kutoka na ukuta huharibika kwa ndani.

SWALI: Je, vidonge vyeupe vya kuzuia nondo na vifaa vya sauti isiyosikika vinafukuza panya darini?

JIBU: Vifaa hivyo vya sauti msivinunue. Panya huizoea sauti, na mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwaonya zaidi ya watengenezaji na wauzaji 60 kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Vidonge hivyo vyeupe, vikiwa vya nafthalini, ni vibaya zaidi, kwa sababu mvuke wake hushuka vyumbani, na watu wenye upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao ni wengi katika nchi zenye historia ya malaria, chembe zao nyekundu za damu huweza kuvunjika wakivivuta au kuvimeza. Mtoto akivimeza, au akigeuka manjano na mkojo wake ukawa mweusi, mpelekeni hospitali mara moja pamoja na pakiti ya vidonge hivyo.