Miaka Minne Nilisali Nyuma ya Nguzo

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Wiki jana niliandikiwa na binti mmoja, mwalimu wa chekechea aliyetoka Busia akaja kufanya kazi hapa Nakuru. Ujumbe wake ulinikuta kwenye cherehani, na kabla sijaufikisha mwisho miguu ilikuwa imeacha kukanyaga. Anasema amesali katika parokia moja ya mjini miezi 11 bila kukosa Jumapili. Anafika mapema, anaimba, anatoa sadaka, wakati wa kutakiana amani anashikana mikono na watu watano sita, kisha Misa inaisha na kila mtu anashika njia yake. Hakuna hata mmoja anayejua jina lake. Mwezi uliopita mwenzake wa kazini akampeleka kwenye kanisa lingine, la hema. Huko alisimamishwa mbele, akapigiwa makofi, mchungaji akamwita kwa jina. Sasa ananiuliza: "Mama, nibaki kwetu nikifanya nini?"

Nilimjibu siku ile ile kwa maneno machache. Jibu refu ndilo hili, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wengi mnaosoma hapa mmeyaacha makwenu kama yeye, na mnataka kitu kile kile: mkikosekana, awepo mtu wa kuuliza mko wapi.

Mimi nilikuja Nakuru mwaka 2010 kutoka Mumias. Mtu wa Mumias hafundishwi Ukatoliki ukubwani. Misheni yetu ilifunguliwa na mapadre wamisionari wa shirika la Mill Hill mwaka 1904, na nyanya yangu alikuwa akiwasimulia wale wazungu wenye ndevu kana kwamba yeye ndiye aliyewapokea mizigo. Nyumbani ukikosa Misa Jumapili, Jumatatu asubuhi kuna mtu mlangoni anayetaka kujua kama unaumwa. Nikadhani Kanisa liko hivyo kila mahali, kwamba ukishabatizwa basi unajulikana.

Nakuru nilipata kiti nyuma ya nguzo, upande wa kushoto, karibu na mlango. Ukikaa pale padre hakuoni na mwenye kikapu cha sadaka anakufikia mwisho. Nilikaa pale miaka minne.

Na nitaungama jambo moja ambalo sijawahi kuliandika. Katika ploti niliyokuwa nimepanga, kila Alhamisi saa kumi na moja jioni watu wa jumuiya ndogo ndogo, yaani Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, walikusanyika mlangoni pa jirani yangu. Niliwasikia wakiimba kupitia ukutani. Niliwasikia wakisali, wakinyamaza, wakisalimiana. Mimi nilikuwa ndani nakunja nguo za wateja, na walipoanza tu wimbo, niliongeza sauti ya redio. Nilijiambia hao ni watu wa kuulizana michango na kuchunguzana. Kwangu Misa ya Jumapili ilitosha. Nilijiona Mkatoliki aliyesoma, asiye na haja ya kukalia viti vya plastiki barabarani ili Mungu amsikie.

Agosti 2014 mama yangu akafariki.

Nilikwenda ofisi ya parokia kuomba Misa ya kumwombea na tangazo la Jumapili. Karani, mama wa heshima kabisa, akafungua daftari akaniuliza: "Wewe ni wa jumuiya gani?" Nikasema sina. Akaniuliza kama nina barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Nikasema nimesali hapa miaka minne. Akanitazama vizuri, kwa huruma, akasema, "Pole, dada. Lakini mimi sijawahi kukuona."

Nilitoka pale na uchungu ambao nikiugusa leo bado uko. Kanuni za Kanisa zinataka muumini aliyefariki apewe maziko ya Kanisa, wala hazitaji barua ya jumuiya, na nilikuwa tayari kuyasema hayo kwa sauti kubwa. Ila ukweli ni kwamba karani hakusema uongo. Nilikuwa nimefanya kazi ya kutoonekana miaka minne, nami nikafaulu.

Jioni ile nilikuwa nimekaa kitandani na mlango wazi nusu. Jirani wa ukutani akaingia bila kubisha, sijui nani alimwambia. Nyuma yake wakaingia wengine, wale wale wa Alhamisi. Walileta unga kilo nne, sukari, majani, na blanketi moja la kumsitiri mgeni akilala. Walisali Rozari nzima, mafumbo ya uchungu, nami sikuweza kuitikia. Kisha mzee mmoja akamwaga juu ya meza yangu ya kukatia nguo mchango waliochangishana: shilingi 4,350, nyingi sarafu za kumi na ishirini, akazipanga mafungu mafungu kama mtu anayepanga nyanya sokoni. Mama mzee wa jumuiya hiyo akasafiri nami kwa basi hadi Mumias. Nilimwuliza njiani kwa nini anafanya hivi na mimi sijawahi hata kumsalimu sawasawa. Akasema, "Tulikuwa tunakusikia, mwanangu. Hata redio yako tulikuwa tunaisikia."

Nyumbani nikaona matunda ya Alhamisi za mama yangu mwenyewe. Jumuiya yake ilikuwa imeshapika, imeshapanga nyimbo, akina mama wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, wamevaa sare wakamsindikiza hadi kaburini. Mama alikuwa mkulima mdogo wa miwa. Hakuacha mali. Aliacha watu.

Alhamisi ya kwanza niliporudi Nakuru, tarehe 4 Septemba, nilitoka nje na kiti changu. Hatua zilikuwa tano tu kutoka mlangoni mwangu. Palikuwa na kigoda kilichotandikwa kitambaa cheupe, juu yake msalaba, Biblia, na mshumaa uliosimamishwa ndani ya kisosi kwa nta yake mwenyewe. Upepo wa Nakuru mnaujua, ule wa vumbi. Kijana mmoja wa bodaboda kazi yake ilikuwa kukinga mshumaa kwa kofia yake ya kuendeshea. Wakaanza kumkaribisha Bwana, wakasoma Injili ya Jumapili iliyokuwa inakuja, wakairudia, kila mmoja akataja neno lililomgusa, hata moja tu, kisha kimya, kisha kushirikishana, kisha kuulizana tutafanya nini wiki hii, kisha sala. Baadaye nilijua kwamba ndizo Hatua Saba, zilizotoka taasisi ya Lumko huko Afrika Kusini. Injili ilikuwa Mathayo 18: ndugu yako akikukosea umwendee mkiwa wawili peke yenu, na wakikusanyika wawili au watatu kwa jina la Yesu, naye yupo. Wengi walitaja hao wawili au watatu. Mimi nilitaja "peke yenu", hata sijui kwa nini. Mtaona.

Watu hudhani jumuiya ni mtindo wa mapadre wa kukusanya pesa. Hapana. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 wakaona kwamba parokia kubwa yenye padre mmoja au wawili haiwezi kuwa familia, na mwaka 1976 wakaamua kwamba jumuiya ndogo ndogo ndizo zitangulie katika uchungaji wao. Kwa hiyo, binti yangu, pale Jumapili hujakaribishwa kwa sababu Jumapili si sebuleni. Kanisa letu linakaribishia mlangoni kwa jirani, siku ya katikati ya wiki, na hilo hakuna anayelitangaza kwa kipaza sauti. Kosa letu ni hilo. Viongozi wa jumuiya mnaonisoma, simameni mlangoni baada ya Misa mwaulize wageni wanaishi wapi. Si kazi ya paroko.

Sasa nije kwenye lililoniumiza, maana nikiwaambia "nendeni jumuiya" nikanyamaza hapo, nitakuwa nimewadanganya.

Mwaka 2017 walinichagua mweka hazina. Oktoba 2018 ilikuwa mchango wa mavuno wa parokia, na kila jumuiya ilikuwa na kiasi chake cha kupeleka. Hesabu yetu ikapungua shilingi 3,600. Mwenyekiti wa wakati huo hakuja kwangu, na nyumba yangu aliijua. Alisimama Alhamisi, mshumaa unawaka, watu ishirini wapo na watoto wao, akasema, "Mweka hazina atueleze pesa za Mungu zimekwenda wapi." Nilikuwa na daftari mkononi. Nilieleza mara tatu. Kuna mama aliyesogeza kiti chake mbali na changu, polepole, kama mtu anayekwepa jua. Sijasahau mlio wa miguu ya kile kiti kwenye saruji.

Nikaacha. Nikarudi nyuma ya nguzo. Miezi mitano nilisali Jumapili nikaondoka kabla ya matangazo, na Alhamisi redio ikapanda tena.

Aliyenirudisha ni yule mama mzee aliyenisindikiza Mumias. Alikuja Februari 2019, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanisimulia habari za mwaka 2008. Januari ile mji ulipochafuka kwa ghasia za baada ya uchaguzi, jumuiya hii ilikuwa na Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakisii na Wakalenjin, kama ilivyo leo. Wengine walikimbilia uwanja wa maonyesho, wengine makwao, na hawakurudi. Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 6 Februari. Walikuja watu saba tu kwa Njia ya Msalaba ya jumuiya, na kati yao palikuwa na mwanamke aliyechomewa nyumba na baba ambaye mwanawe alionekana kwenye kundi lililochoma. Walikaa benchi moja kwa sababu benchi lilikuwa moja. Hakuna aliyezungumza. Walisali vituo vyote 14, wakaenda makwao, Ijumaa iliyofuata wakarudi.

"Huyo mwanamke ni mimi," akasema. "Nawe umeshindwa kukaa na watu kwa sababu ya elfu tatu na mia sita?"

Nilirudi Kwaresima ile. Wiki mbili baadaye zile pesa zikaonekana: mwenyekiti alizilipa ofisini mwenyewe na zikaandikwa kwa jina la jumuiya nyingine. Risiti ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake. Alinionyesha akicheka, akasema "mambo ya makaratasi." Hakuniomba radhi. Baadaye alihama Nakuru, na mpaka leo hajaniomba radhi. Nimemsamehe, nimeungama chuki niliyokuwa nayo, lakini sitasema kwamba haliumi. Mathayo 18 tulikuwa tumeisoma wote.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, hauna mengi. Nenda jumuiya iliyo karibu na mlango wako, hata kama kwaya yake inaimba vibaya. Wiki ya kwanza utaona aibu. Nenda ya pili. Usikubali uongozi mwaka wa kwanza, hata wakikusihi. Ukishika pesa ya watu, isomwe kila kikao, ilipwe kwenye akaunti ya parokia moja kwa moja, risiti iwe mbili na yako ibaki kwako. Ukiwa na neno na mwenzako, mfuate nyumbani kwake. Na wakikuumiza, maana watakuumiza, nenda tena. Vijana mnaonitumia picha mkisali kwa simu kitandani, nawapenda, lakini simu haitakuletea unga siku ya msiba. Na ninyi mnaohama kanisa kila mnapokosewa, mtahama mpaka lini? Hata huko kwa makofi kuna mweka hazina na kuna mwenyekiti. Kristo hakuanza na watu wema. Alianza na kumi na wawili, mmoja wao akishika mfuko wa pesa, nasi tunajua alivyomaliza.

Janga la 2020 lilipofunga makanisa, sisi tulipigiana simu kila Alhamisi saa kumi na moja, na hatukumpoteza hata mmoja. Mwaka 2022 nilichaguliwa mwenyekiti. Leo daftari lina majina 31, na mwezi uliopita Misa ya jumuiya iliadhimishwa katika ua wetu, altare ikiwa ni meza yangu ya kukatia nguo, ile ile iliyomwagiwa sarafu. Niliifunika kitambaa nilichokishona mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo. Watoto wawili walibatizwa. Yule mama aliyesogeza kiti ndiye aliyepika chai. Mama mzee siku hizi miguu haimbebi. Tulimleta kwa kiti cha magurudumu, akakaa mbele kabisa.

Binti wa Busia ameniambia mtaa anaoishi. Nimempigia katekista wa huko, naye amenithibitishia kwamba kuna jumuiya nyumba ya nne kutoka kwake, na wanakutana Jumatano saa kumi na mbili jioni. Nimemwambia abebe Biblia, shilingi ishirini ya sadaka, na sweta, maana watakaa nje.