Kikombe cha kuta mbili motoni

SWALI: Shikamoo. Desemba napanda Kilimanjaro na wenzangu kwa njia ya Marangu. Nimenunua kikombe cha stili kinachotunza joto. Muuzaji kaniambia naweza kukibandika kwenye jiko la gesi nikachemshia chai humo humo, nisihangaike na sufuria. Ni kweli?
– Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba. Si kweli, na huyo muuzaji ningempata ningemkalisha mbele ya jiko ajaribu mwenyewe.

Nimeongoza wageni mlimani miaka mingi na kila msimu nasikia hoja hiyo hiyo: "Sufuria si stili pia?" Ndiyo, lakini ulichonunua ni chupa ya chai iliyokatwa shingo. Kwenu nani hubandika chupa ya chai jikoni? Kina kuta mbili zilizochomelewa ukingoni, na katikati hewa imefyonzwa. Vile vya bei chee hewa imefungiwa tu humo. Ukikiwekea moto, ukuta wa nje unaiva hadi kuwa mwekundu ilhali wa ndani, wenye maji, haujajua kitu. Mmoja unatanuka, mwenzake umetulia, na hewa, kama imo, haina pa kutokea. Pale kambi ya Horombo niliwahi kukuta kimoja kimeumuka kitako kama andazi. Tulizima gesi tukakaa mbali hadi kikapoa. Kikipata ufa, maji yakapenya katikati na kugeuka mvuke ghafla, hapo kinalipuka.

Halafu kuna wajanja wanaoshauri utoboe kitako kwa msumari ili "kipumue". Joto ulilolilipia limekwenda, na pale chini mara nyingi ndipo palipozibwa, na baadhi ya viwanda huzibia kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Pasiguswe.

Kama huna uhakika na kikombe, mimina maji yanayochemka ukishike kwa nje. Mkono usipoungua, kina kuta mbili.

Wewe beba viwili. Hicho ni cha kunywea, na utakishukuru kwenye kambi ya Kibo, mita 4,720, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi na chai hupoa hujamaliza biskuti. Cha kuchemshia kiwe cha ukuta mmoja, cha stili au kile cha enameli cha bibi zetu. Aluminiamu ni nyepesi, ila ukingo wake unababua midomo.

Na msininunulie vikombe vilivyofuliwa kwa bati la kuezekea, eti ni imara. Lile bati lina zinki, na zinki haipatani na ndimu wala ukwaju. Kijana mmoja alilaza maji ya ndimu ndani ya kikombe cha hivyo, alfajiri akanywa chote. Akatapika mfululizo, sote tukasema ni ugonjwa wa mwinuko, tukamteremsha. Kikombe chake tulikiona tukikusanya vyombo: ndani kimeliwa, kimebaki na mabaka meupe.