Gari kuukuu la dizeli lina bei yake, tena si ndogo

Msomaji mmoja wa Njombe, mkulima wa viazi na parachichi, ameniandikia akiniuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi tangu niuze Land Cruiser yangu. Amepata Prado ya mwaka 1998 yenye injini ya 1KZ, na muuzaji anataka fedha ambayo, kwa nyongeza kidogo, ingetosha kununua gari dogo la petroli lenye namba mpya zaidi. Anataka kujua kama akilitumia miaka michache na kuliuza atarudisha fedha yake, au atabaki na chuma chakavu uani. Najua wengi mnaonisoma mna nia hiyohiyo ya kumiliki gari linalofanya kazi na linalorudisha kitu siku ya kuliuza, kwa hiyo nimeona nijibu kwa urefu.

Mimi husambaza mbegu na mbolea katika bonde la Kilombero, kutoka Morogoro kwenda Ifakara, Mlimba na Malinyi. Anayezijua njia za huko wakati wa masika hahitaji kuelezwa kwa nini nilihitaji Land Cruiser, ile ambayo sote tunaiita mkonga. Nililinunua mwaka 2012 kwenye mnada wa shirika moja la misaada kwa shilingi milioni 27. Lilikuwa la mwaka 1996, lenye injini ya 1HZ na namba A, yaani usajili wa zamani, na viti vyake vilikuwa vimechanika, lakini ndani ya droo ya dashibodi kulikuwa na daftari la matengenezo lililoandikwa kwa mwandiko wa dereva mmoja tu. Nililithamini daftari hilo kuliko rangi ya gari, na nikaendelea kuliandika mpaka likajaa, nikanunua jingine.

Nilipoamua kuliuza nilianzia kwenye yadi moja jijini Dar es Salaam. Dalali alilizunguka mara moja, hakufungua hata boneti, akasoma namba na kuniambia, “Mzee, hili ni gari la mwaka tisini na sita. Nikikupa milioni kumi na nane nitakuwa nimekusaidia.” Sikusema kitu, ila neno lile la kunisaidia bado linanichoma. Shemeji yangu, ambaye hubadilisha magari ya petroli kila anapochoka na rangi, alinishauri nichukue na kushukuru. Kampuni moja ya bima nayo ilikwisha kunikatalia bima kubwa kwa sababu ya umri wa gari, kana kwamba umri peke yake ndio unaosababisha ajali. Kwa macho ya wote hao, gari langu lilikuwa limekufa.

Nimeliuza kwa milioni 41. Naandika kiasi hicho kwa makusudi, na shemeji akisoma ataelewa. Hata hivyo sitawadanganya kwamba nimetengeneza milioni 14. Mwaka 2012 dola moja ya Marekani ilikuwa karibu shilingi 1,600, na tangu hapo shilingi imeshuka sana, kwa hiyo kwa hesabu ya dola nimerudisha karibu kilekile nilichotoa. Lakini gari limenihudumia miaka yote hiyo na kunirudishia karibu mtaji wangu wote, na nawaomba mnitajie gari dogo la petroli lililowahi kumfanyia mtu hivyo.

Sababu ya kwanza ya bei hiyo ni kwamba madalali wa yadi hupima gari lolote kwa herufi ya namba na mwaka wa kutengenezwa, na kipimo hicho kinafaa kwa magari madogo ambayo huingia bandarini kila wiki yakifanana. Dizeli kuukuu hupimwa kwa jina la injini. Injini ya 1HZ ilitoka mwaka 1990, ina silinda sita na ujazo wa cc 4,164, haina turbo wala kompyuta, na pampu yake ni ya kimekanika, kwa hiyo fundi wa Mlimba anaweza kuirekebisha chini ya mwembe kwa spana na akili yake. Toyota iliendelea kuitengeneza kwa miongo kwa ajili ya nchi zenye barabara na mafuta kama ya kwetu. Wanunuzi wake si watu wa kutembelea mjini: ni kampuni za utalii za Arusha, ambazo hurefusha chesisi na kuweka paa linalofunguka ili wageni waone wanyama, ni wakandarasi, ni wachimbaji wa Chunya na Geita. Watu hao hawaulizi namba ni A au D. Wanauliza kama injini imewahi kufunguliwa.

Injini ya 1KZ, ambayo ndiyo ya msomaji wangu, ina habari nyingine. Ni ya silinda nne, cc 2,982, ina turbo, na ni tamu kuendesha, lakini haisamehe joto. Silinda hedi yake, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, hupasuka injini ikichemka, na wengi waliopoteza hedi walipoteza wakipanda Mlima Kitonga wakiwa na mzigo, huku rejeta imeziba na feni imechoka, wakasema wafike kwanza juu ndipo wapumzishe gari. Kwa hiyo Prado mbili za mwaka mmoja, rangi moja na namba zinazofuatana zinaweza kutofautiana bei kwa mamilioni, kwa sababu moja ilichemka na nyingine haikuchemka. Hilux za 3L na 5L huuzika haraka kama 1HZ, ingawa kwa fedha ndogo zaidi. Nissan Patrol yenye TD42 ina wapenzi wake waaminifu, ila ile ya ZD30 mafundi huikwepa, nayo Pajero ya 4M40 inafanya kazi vizuri kuliko sifa yake lakini sokoni haimpi mwenyewe haki yake. Defender sizizungumzii, kwa maana mwenye Defender hauzi kwa hesabu.

Sababu ya pili ni kwamba magari haya hayaji tena kwa wingi, na wingi ndio unaoshusha bei. Tokyo na mikoa jirani ilianza mwezi Oktoba 2003 kuyazuia malori na mabasi ya dizeli yenye moshi mwingi, na sheria za hewa za Japani zilifanya iwe vigumu kusajili upya hata magari mengine ya dizeli ya zamani katika miji yao mikubwa. Mengi yakavuka bahari yakaja kwetu, na ndiyo tuliyoyazoea. Baadaye chemchemi ilikauka: Toyota iliacha kuuza Prado ya dizeli nchini Japani mwaka 2007 na haikuirudisha mpaka 2015. Anayetaka Prado ya dizeli ya miaka ile ya kati kutoka nje hulazimika kuitafuta nchi kama Uingereza au Australia. Huko London tangu mwaka 2019 dizeli isiyofikia kiwango cha Euro 6 hulipishwa pauni 12.50 kwa siku ikiingia eneo lililozuiwa, kwa hiyo zinapatikana, lakini zile ni za injini ya D-4D, yenye nozeli za umeme ambazo zikiharibika utauza shamba. Ukijumlisha kwamba Tanzania huongeza ushuru kwa gari linaloingia likiwa limezidi miaka 8 na kuupandisha tena likizidi 10, kwamba Kenya haipokei kabisa gari lililozidi miaka 8, na kwamba Uganda ilifunga mlango kwa yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018, utaona kuwa dizeli kuukuu iliyokwisha kuwa na kadi ya usajili ya Tanzania, tena nzima, ni mali adimu.

Nimesema tena nzima, na hapo ndipo watu wengi huanguka. Mnunuzi mzoefu anajua kwamba kabla ya mwaka 2011, serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa, vituo vingine vilikuwa vikiyachanganya na dizeli kwa sababu yalikuwa ya bei rahisi sana. Mafuta ya taa hayalainishi pampu, na pampu kama ya 1HZ haina kilainishi kingine isipokuwa dizeli yenyewe. Gari lililokuwa barabarani miaka ile huulizwa habari ya pampu na nozeli kabla ya jambo lolote. Mimi nilikuwa na risiti ya pampu kufunguliwa na nozeli kubadilishwa, ikiwa na jina la karakana na tarehe, na naamini karatasi ile moja iliongeza bei kuliko ambavyo rangi mpya ingeongeza. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba tunza risiti.

Ushauri wangu wa pili ni kwamba mwonyeshe mnunuzi injini ikiwa baridi. Aliyenunua langu alitoka Arusha akiwa na fundi wake, mtu mfupi asiyependa maneno, na nilikuwa nimewaambia wafike alfajiri. Fundi hakusalimia gari kwa macho. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale, kisha akaingiza mkono ndani na kushika bomba la moshi lilipotoka kwenye injini. Aliporidhika kwamba sikulipasha ndipo alipotabasamu mara ya kwanza. Alifungua kifuniko cha rejeta, akachovya kidole na kukisugua akitafuta utelezi wa oili. Alisubiri taa ya hita izime, akawasha, na injini ikaitika mara moja kwa moshi mweupe mdogo uliotoweka kabla hatujamaliza kuamkiana vizuri. Kisha akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza chini juu na kukiacha kimelala juu ya tundu lake huku injini ikinguruma. Kifuniko kikicheza na kuruka, ujue ringi zimechoka na injini inapumua kwa mahali pasipo pake. Changu kilitetemeka tu. Fundi alimtazama bosi wake, akasema, “Hili lina mwenyewe,” akaingia chini na nyundo ndogo kugonga chesisi akitafuta kutu na sehemu zilizochomelewa.

Baada ya hapo mjadala wa bei haukuwa mrefu. Niliwawekea daftari mezani, wakaomba nipunguze kwa ajili ya viti na matairi, nikapunguza. Yule dalali angekuwepo angejifunza kitu, ingawa nina shaka, maana asiyefungua boneti hafundishiki.

Sasa niseme na vijana, kwa sababu barua zenu nyingi zinaniuliza mahali pa kupata gari la bei ya chini na hakuna hata moja inayoniuliza namna ya kulitunza. Thamani ya dizeli kuukuu hutunzwa katika rejeta. Nimeona watu wenye elimu zao wakijaza maji ya bomba kwenye rejeta mwaka mzima, kisha wanalaumu Mjapani hedi ikipasuka. Tia kulanti, na uibadilishe kwa wakati wake. Mshale wa joto ukipanda, simama, hata kama abiria wananung’unika, hata kama uko katikati ya Kitonga na malori yanakupigia honi. Badilisha oili kabla haijawa lami. Usikubali fundi afungue injini nzima kwa ajili ya kusikiliza mlio, kwa maana injini iliyofunguliwa bila sababu hupoteza sifa ya kutoguswa, na sifa hiyo hairudi kwa gasketi mpya. Usipake rangi gari lote wiki moja kabla ya kuuza, kwa sababu mnunuzi mzoefu atajiuliza unaficha nini. Tena narudia, tunza risiti, na usipashe injini kabla mnunuzi hajafika. Kizazi hiki kinapenda gari linalong’aa siku ya Jumapili, na Jumatatu kinaomba lifti. Sisi tulifundishwa kwamba chombo cha kazi hakidharauliwi, na anayekidharau asishangae kikimdharau mbele ya mteja.

Kwa Prado ya 1KZ jibu langu ni kwamba inunuliwe kwa bei ya gari litakalohitaji silinda hedi, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni nzima. Ikipatikana kwa bei hiyo na ikatunzwa joto lake, itarudisha sehemu kubwa ya fedha. Ikinunuliwa kwa bei ya sifa za muuzaji, haitarudisha, na hakuna dalali atakayekuonea huruma.

Limebaki suala la kadi. Mnunuzi wangu alitaka kuondoka na gari siku ileile na kubadilisha jina atakapofika Arusha. Nilikataa, naye akanuna kidogo. Faini za barabarani hufuata namba ya gari, na likitokea la kutokea, anayetafutwa kwanza ni yule mwenye jina kwenye kadi. Tulikwenda TRA na mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili, tukakamilisha uhamisho, ndipo akanilipa salio na mimi nikamkabidhi madaftari yote mawili na funguo. Zamani kulikuwa pia na ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyofutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, na magari yaliyolala nyumbani yalikuwa yakiuzwa yakiwa na madeni yanayokaribia bei yake. Siku hizi deni la kuangalia ni la faini, na linaonekana kwa kuingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Liangalie kabla ya kutoa hata malipo ya awali, kwa sababu ukishakabidhi fedha muuzaji hapokei simu.